Roma, familia ya watu saba: chakula cha jioni mgahawani bila nguruwe, bila mvinyo. Tuagize nini?

Mjukuu wa Pangani

Wakuu, habari zenu.

Mwisho wa Juni tunapita Roma siku tatu tukielekea kwenye harusi. Tuko saba: mimi, mke wangu, mama mkwe (74), shemeji yangu, na watoto watatu wa miaka 13, 8 na 2. Mama mkwe anasema pizza ya Dar ameshaila sana. Safari hii anataka kukaa mezani kwa Waitaliano wenyewe usiku mmoja, familia nzima, ale wanavyokula wao.

Hatuli nguruwe wala chakula kilichotiwa mvinyo. Nyama isiyochinjwa kihalali tunaiacha, kwa hiyo tumebaki na samaki, mboga, mayai, unga na jibini. Mama mkwe meno yamepungua, vitu vigumu hawezi. Yule wa miaka 13 ana mzio wa karanga, mkali, anatembea na sindano yake. Bajeti ni euro 150, tukibanwa sana 180.

Naomba kujua twende saa ngapi na mtaa gani, vyakula gani tuvikwepe hata kama jina halitaji nguruwe, na kama inawezekana kuagiza sahani chache zikawekwa katikati tukala pamoja kama nyumbani. Na bili: nasikia kuna vitu vinaongezwa ambavyo hukuagiza.

Natanguliza shukrani.

---

Kijiko cha Mbao

Mkuu, anza na saa, maana familia zenye watoto wadogo hukwama hapo. Majiko mengi ya Roma yanazimwa kwenye saa tisa alasiri na hayawashwi tena hadi saa moja au moja na nusu usiku. Ukifika saa kumi na moja na watoto wanalia njaa, utakaowakuta wazi ni wale wenye menyu za picha na kijana wa kukuita mlangoni. Wape watoto kitu saa kumi na moja (kipande cha pizza ya kukatwa, inauzwa kwa uzito kila kona), halafu weka nafasi mezani saa moja na nusu kamili. Warumi wenyewe wanaanza kuingia saa mbili na nusu. Hiyo saa moja ya mwanzo ndiyo mali yako: mhudumu ana muda wa kukusikiliza na jiko halijabanwa. Sehemu zenye watu zinauza meza mara mbili kwa usiku, saa moja na nusu na saa tatu na nusu, kwa hiyo usishangae wakikuuliza unachagua zamu ipi.

Jambo ambalo huenda hujalipigia hesabu: mwisho wa Juni jua la Roma linazama karibu saa mbili na dakika hamsini usiku. Magharibi itawakuta katikati ya chakula, si kabla. Mkikaa saa moja na nusu na kuagiza bila kusuasua, saa tatu mko nje na bado kuna mwanga. Mkitaka kutumia ruhusa ya msafiri mkajumuisha na Isha, hilo lenu na shehe wenu.

Angalia pia tarehe 29 Juni. Ni sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo, wasimamizi wa Roma, na mji mzima una mapumziko. Baadhi ya migahawa inafunga, iliyobaki inajaa. Kila mgahawa una siku yake ya kufunga kwa wiki pia. Ukutani utaona "chiuso il lunedì", yaani Jumatatu hawafungui.

Kwa meza ya watu saba usiende bila kuweka nafasi. Meza nyingi ni za wawili na wanne, na ukifika hivi hivi tu mtagawanywa. Taja kwamba kuna mtoto wa kiti kirefu, "seggiolone", maana sehemu ndogo zinacho kimoja au hazina kabisa.

Mtaa: Testaccio ni rahisi kufika, unashuka Piramide kwenye metro B. Lakini jua kwamba upishi wa pale ulikulia mlangoni mwa machinjio ya mji, yaliyofanya kazi hadi 1975: mkia, utumbo, vitu vya ndani. Mama mkwe angefurahia harufu, ila kwa masharti yenu menyu ya hivyo itawaachia sahani tatu tu. Nyie tafuteni sehemu iliyoandikwa "ristorante pizzeria" yenye "forno a legna", jiko la kuni, na yenye samaki kwenye menyu. Trattoria (migahawa midogo ya kawaida) nyingi hazipiki pizza kabisa, watu wengi hawajui hilo mpaka watoto wameshakaa.

---

Ukwaju

Naomba nishike swali la nguruwe. Yale majina makubwa yanajulikana: prosciutto, salame, porchetta, salsiccia. Shida ni nguruwe aliye chini ya sufuria.

Pasta za Kirumi zinazotajwa kila mahali ni nne: carbonara, amatriciana, gricia na cacio e pepe. Tatu za mwanzo zinaanza na guanciale, nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Inakatwa vipande, inawekwa kwenye kikaango kikavu, inatoa mafuta, na mafuta hayo ndiyo msingi wa mchuzi. Sasa wageni wanasema, "Nipe amatriciana bila guanciale." Haiwezekani. Mchuzi wa amatriciana umepikwa sufuria nzima mchana, mhudumu atakachofanya ni kukuondolea vipande kwa kijiko, mafuta yanabaki. Usiombe chakula kitolewe nguruwe, agiza ambacho hakikuwa naye tangu mwanzo.

Neno lingine la kuchunga ni "senza carne", bila nyama. Wapo wahudumu ambao kwao "carne" ni kipande cha nyama hasa, na vile vipande vidogo vya kukaushwa ni "salumi", fungu lake peke yake. Utaambiwa sahani haina nyama na ndani kuna pancetta, nyama ya tumbo la nguruwe. Kwa hiyo taja vyote: "né carne, né salumi, né strutto." Strutto ni mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa. Hayo unayakuta kwenye piadina (mkate bapa), kwenye baadhi ya mikate na mikate ya kukaanga, na wengine huchoma nayo viazi. "Patate al forno" zinaonekana hazina kosa, lakini mara nyingi zimeokwa sinia moja na nyama. Uliza.

Supu: minestrone inaweza kuanza na pancetta, na maharage ya "pasta e fagioli" mara nyingi yamechemka na ngozi ya nguruwe. Supplì, yale mabumba ya wali ya kukaanga, kwa asili yana mchuzi wa nyama ndani. Lasagne na polpette (mabumba ya nyama) mara nyingi ni ng'ombe na nguruwe waliosagwa pamoja, hata menyu ikiandika "carne" tu.

Vitamu navyo. Panna cotta inashikwa na jelatini, na Waitaliano wanaiita "colla di pesce", gundi ya samaki. Jina la zamani tu hilo. Karatasi zinazouzwa madukani leo kwa kawaida zinatokana na nguruwe. Tiramisù wengi wanatia Marsala (mvinyo) au ramu. Matunda ya bakuli, "macedonia", wengine wanayamwagia likeri ya cheri.

Mvinyo unaingia kwa njia moja: kitunguu au samaki akishakaangika, mpishi anamwaga kidogo kwenye moto ili kikaango kiachie ladha. Menyu haiandiki, maana kwao ni kama wewe kuandika kwamba umetia maji. Spaghetti za vongole (wale kome wadogo) karibu zote zimepitia hapo, risotto zote zichukulie hivyo, samaki "all'acqua pazza" pia. Samaki "alla griglia", wa kuchoma, hana mvinyo.

Basi kinachobaki si kidogo: pasta al pomodoro (nyanya), arrabbiata (nyanya, kitunguu saumu na pilipili, ila thibitisha, wengine hutupia pancetta), aglio olio e peperoncino (saumu, mafuta na pilipili), cacio e pepe (jibini na pilipili manga), alla norma (bilinganya na ricotta ya chumvi). Pizza margherita, na pizza marinara ambayo haina jibini. Samaki wa kuchoma. Cicoria ripassata, mboga ya majani chungu kidogo kama mnafu, inachemshwa kisha inapitishwa kwenye mafuta ya zeituni, saumu na pilipili. Hiyo mama mkwe hatahitaji kuelezwa.

Kwenye jibini mtaamua wenyewe. Pecorino Romano, ambayo ndiyo moyo wa cacio e pepe, inagandishwa kwa kigandisho cha tumbo la mwanakondoo, na Parmigiano kwa cha ndama. Wapo wanaokula, wapo wanaoacha. Mkiacha, sema "senza formaggio" kwenye kila sahani, maana hunyunyiziwa jikoni bila kuulizwa.

---

Baharia Mstaafu

Mbona mnajitesa? Nendeni Piazza Vittorio au Torpignattara, kuna Wabangladeshi na mabucha ya halali kibao, mnakula mkishiba kwa euro 70.

---

Kijiko cha Mbao

Baharia, kweli vipo, na kwa siku nyingine ni ushauri mzuri. Lakini mama mkwe ametaka meza ya Kiitaliano, biriani ameiacha kwake.

Njia ya katikati ambayo wengi wanaisahau ni mtaa wa Wayahudi, Via del Portico d'Ottavia. Migahawa ya kosher, yaani inayofuata sheria ya chakula ya Kiyahudi, ni ya aina mbili. Ya nyama haina maziwa kabisa, na carbonara yao inapikwa kwa nyama ya ng'ombe iliyokaushwa. Ya maziwa haina nyama hata chembe: pasta, pizza, samaki, jibini. Hiyo ya pili inawafaa, kwa sababu strutto haiwezi kuwepo jikoni na mchuzi wa nyama haupo wa kuchanganywa. Mvinyo unaweza kuwepo, hapo bado unauliza. Na wanafunga Ijumaa jioni hadi Jumamosi giza liingie, ambayo kwa Juni ni karibu saa nne usiku. Chakula ni cha Kirumi kabisa, vyakula vingi vya kukaanga vya mji huu vilianzia pale.

---

Mjukuu wa Pangani

Hii ya kosher ya maziwa sikuwahi kuiwaza, asanteni sana. Nimeanza kupanga: maua ya maboga ya kukaanga ya kuanzia, maana nimeona ndani ni jibini na dagaa tu, halafu pasta mbili tatu katikati. Vipi hapo?

---

Dada Mizani

Kaka, simama kwanza kwenye hayo maua ya maboga. Tatizo si kilichomo ndani. Italia mafuta yanayopendwa kukaangia ni "olio di arachide", mafuta ya karanga, kwa sababu yanavumilia moto mkali na hayana harufu. Fiori di zucca, supplì, samaki wa kukaanga, viazi vya kukaanga vya watoto, vyote vinaweza kuwa vimepita humo, na kikaangio ni kimoja kwa vyote. Mafuta yaliyosafishwa sana yana protini ndogo mno ya karanga na wenye mzio wengi hayawadhuru, lakini wewe mezani hujui yamesafishwa vipi, na mtoto ana sindano. Kwake kila cha kukaanga kiwe nje mpaka jiko liseme ni alizeti, "girasole". Wakijibu "olio di semi", wamesema mafuta ya mbegu tu bila kutaja mbegu gani. Waombe waangalie lebo ya dumu.

Sheria iko upande wako. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya 2011 imeorodhesha vitu 14 vya mzio na karanga ni kimojawapo. Mgahawa lazima uweze kukuonyesha kwa maandishi. Ukikaa tu, kabla ya maji, sema: "La lista degli allergeni, per favore." Wengine wameweka namba ndogo pembeni ya kila chakula kwenye menyu, ufunguo uko ukurasa wa mwisho. Usitegemee menyu ya lugha ya wageni, hiyo hutafsiriwa mara moja na haibadilishwi mapishi yakibadilika. Soma ya Kiitaliano, neno unalotafuta ni "arachidi".

Mwandikie kijana karatasi ndogo aiweke mfukoni, umpe mhudumu aipeleke jikoni: "Sono allergico alle arachidi. Non posso mangiare arachidi né olio di arachidi, nemmeno in tracce." Yaani hata chembe. Karatasi inafika kwa mpishi ilivyo, maneno ya mdomo yanapungua njiani.

Mkitoka kula aiskrimu, tatizo ni kijiko. Kijiko kimoja kinatoka kwenye chombo cha njugu na kuingia cha embe. Sema "una paletta pulita", kijiko safi, na mnunulie kwenye chombo chenye kifuniko badala ya yale mavilima yaliyorundikwa juu. Na kwa wote: malaga ina zabibu zilizolowekwa kwenye ramu au mvinyo, zabaione ina Marsala.

Likitokea la kutokea, namba ya dharura ni 112. Sindano kwanza, simu baadaye.

Kuhusu kula pamoja. Hapa utaratibu ni sahani ya mtu, si sinia. Ukiagiza pasta moja kwa watu watatu mhudumu atanuna, maana kila kiti ni hesabu yake. Lakini kila mmoja akiwa na chake, kugawana hakuna tatizo: "Possiamo dividere? Ci porta dei piattini?" na vinaletwa visahani vidogo. Bruschetta za nyanya wekeni katikati, ni mkate wa kuchomwa, haukaangwi. Mboga nazo katikati.

Mwambie pia "tutto insieme", vyote kwa pamoja. La sivyo, pizza zitatoka kwenye tanuri dakika tano tangu kuagiza na pasta zitakuja baada ya robo saa, watoto wamemaliza na wazee hawajaanza. Ya mdogo isubiriwe peke yake: "la pasta del bambino subito." Muagizie "mezza porzione al pomodoro", nusu sahani. Menyu haiiandiki lakini jiko la kawaida halikatai.

Mama mkwe asipewe spaghetti. Pasta ya Roma inatoka na kiini kigumu kidogo, na ukisema "ben cotta" watakuongezea dakika moja tu wakiwa wamekunja uso. Mpe gnocchi al pomodoro, madonge madogo ya viazi na unga, yanayeyuka kwenye ulimi. Alhamisi ndiyo siku yake kwa desturi ya Roma, kama ilivyo Ijumaa kwa samaki, kwa hiyo mkiweza chagueni Alhamisi, zitakuwa zimekandwa siku hiyo. Pizza ya Kirumi ni nyembamba na inavunjika kama kaukau. Kingo zake si za meno yake. Ya Kinapoli ni laini, kama sehemu inayo.

Na mwambie mapema asisubiri kila mtu apate ndipo aanze. Cacio e pepe ikikaa dakika nne jibini inashikana na kuwa bonge, hata uikoroge vipi hairudi.

---

Mzee wa Risiti

Mimi nimekuja kwa ajili ya bili.

Roma iko mkoa wa Lazio, na sheria ya mkoa ya 2006 inakataza "coperto", ile ada ya kukalia kiti. Kwa hiyo migahawa inaandika "pane", mkate, euro 1.50 hadi 2.50 kwa kichwa. Huo ni halali ukiwa umeandikwa kwenye menyu na mkate umeletwa. Hutaki mkate? Sema mwanzo, unapowekwa: "Senza pane, grazie." Ukishaumega umeununua. Kitu kingine ni "servizio", asilimia 10 hadi 15 kwenye sehemu za watalii, nao lazima uwe umetangazwa kwenye menyu. Ukiuona, bakshishi usitoe, umeshailipa. Usipouona bado si lazima. Wenyeji huacha euro mbili tatu, meza ya saba tano zinatosha.

Mtego mkubwa ni samaki. Ukiona bei ya samaki ndogo mno, tazama kama pembeni kuna "all'etto". Etto ni gramu 100. Samaki wa euro 7 kwa etto akiwa na kilo 1.2 ni euro 84, na anapimwa mbichi, na kichwa na miba yake. Hiyo ni zaidi ya nusu ya bajeti yako kwa sahani moja. "S.q." maana yake kwa kadiri ya uzito. Chagua samaki mwenye bei kamili, kawaida orata ya sahani moja, na muulize mhudumu: "È il prezzo intero?" Kinyota pembeni ya jina maana yake kilikuwa kimegandishwa, si wizi, ni taarifa.

Maji hayaji bure. Utaulizwa "naturale" au "frizzante", la pili ni la gesi. Ya bomba ni safi kabisa na mji umejaa mabomba ya kunywea bure, lakini mezani huletewa chupa.

Nikikupigia makadirio ya mgahawa wa kawaida, si wa watalii kama Piazza Navona: mkate 7 kwa euro 2 ni 14. Maji chupa 3 ni 9. Bruschetta 4 ni 12. Gnocchi ya mama mkwe 12, cacio e pepe mbili 26, nusu sahani ya mdogo 7. Pizza margherita mbili za watoto wakubwa 18. Orata ya shemeji 20. Cicoria mbili na viazi kimoja 18. Jumla 136. Aiskrimu nje, saba kwa euro 3, ongeza 21: 157. Vitamu vya mezani ungelipa mara mbili yake, na kama alivyosema Ukwaju nusu yake hamli.

Bili haiji bila kuitwa. Unaweza kukaa hadi usiku wa manane, kwao kuileta ni kukufukuza. Inua mkono kidogo, "Scusi, il conto per favore." Usimpigie mhudumu mluzi wala "sss" ya kwetu. Hesabu vichwa vya mkate na chupa za maji kwanza, hapo ndipo namba huongezeka. Chukua "scontrino", risiti ya kodi; kikaratasi cha kuandikwa kwa kalamu si risiti. Kadi hawawezi kukataa, tangu 30 Juni 2022 kuna faini. Mashine ikikuuliza ulipe kwa euro au kwa dola, bonyeza euro, ukikubali dola unabadilishiwa kwa bei yao.

Na mkitaka kugawana sawasawa wewe na shemeji, neno lao ni "alla romana". Kirumi, yaani.

---

Mjukuu wa Pangani

Wakuu, nimenakili yote. Alhamisi saa moja na nusu, karanga kwa maandishi, samaki wa bei kamili. Swali la mwisho: kuweka nafasi kwa simu nitashindwa lugha. Kuna mtu ana maneno ya kutuma kwa WhatsApp au baruapepe?

---

Ukwaju

Migahawa mingi inajibu WhatsApp siku hizi. Tuma hivi siku tatu nne kabla, asubuhi au saa kumi jioni, wakiwa hawajabanwa:

"Buongiorno, vorrei prenotare un tavolo per 7 persone, 4 adulti e 3 bambini, per giovedì alle 19:30. Serve un seggiolone. Siamo musulmani: non mangiamo carne, salumi, strutto, né piatti cucinati con vino o liquori. Mangiamo pesce, verdure, uova e formaggi. Un ragazzo è allergico alle arachidi, anche all'olio di arachidi. Avete piatti adatti? Grazie."

Jibini mkiiacha, futa "e formaggi" na uandike "pesce, verdure e uova".

Soma wanavyojibu. Wakikutajia sahani moja moja, weka nafasi. Wakijibu "nessun problema", hakuna shida, peke yake, hawajasoma. Rudisha swali moja tu: "In quale olio friggete?" Wasipojua wanakaangia mafuta gani, tafuta mwingine.